Njaa ya Kwale Ina Kalenda Yake, Mbona Msaada wa Sirkali Hauna?

Kama uko na mboka Ukunda, Likoni ama Nairobi na nyumbani ni Kinango, Ndavaya ama Mwereni, hii meseji unaijua: "Uko na kitu kidogo hapo? Unga umeisha." Inaingia ile siku umesota, rent inakaribia na kwa M-Pesa umebaki na soo mbili. Unafanyaje? Unaingia Fuliza, unatuma soo tano, maisha yanaendelea. Wiki mbili baadaye meseji inarudi.

Sasa sikia. Hiyo soo tano yako ndio mpango mkubwa zaidi wa kupambana na njaa kwa hiyo familia. Ni wewe, boda yako, tuktuk yako, mshahara wako wa hoteli. Hakuna waziri anayekushukuru na hakuna bajeti inayokutaja, lakini ukikosa kutuma, mtu analala bila kumanga.

Hii stori inaeleza kwa nini mzigo huo umekuangukia wewe, serikali inatoa nini saa hii, na kwa nini tunafaa kudai kitu tofauti: msaada wa chakula unaokuja kwa sheria na kwa tarehe, si kwa huruma ya mheshimiwa na kamera zake. Si stori za jaba. Kuna namba, kuna katiba na kuna mfano hapa hapa Kenya.

Kwanza, hii njaa hutoka wapi?

Kwale ni kaunti moja yenye dunia mbili. Diani imeshinda tuzo ya ufuo bora Afrika mara kadhaa. Wageni wanatua Ukunda na ndege, wanapelekwa hotelini, wanakula bafe. Lakini panda mat, pita Kombani, panda hadi Kwale mjini, halafu teremka upande wa pili kuelekea Kinango. Mazingira yanabadilika mbele ya macho yako. Minazi inapungua, vichaka vya miiba vinaongezeka.

Sababu ni ya kijiografia. Milima ya Shimba inanasa unyevu unaotoka baharini, kwa hiyo upande wa nyuma unabaki mkavu. Kinango na sehemu za ndani za Lunga Lunga hupata karibu nusu ya mvua inayonyesha ufukweni. Huko watu wanategemea mahindi ya mvua, ng'ombe na mbuzi. Mvua ikikosa msimu mmoja wanabana. Ikikosa miwili wanauza mbuzi. Ikikosa mitatu hakuna mbuzi wa kuuza, na hata aliyebaki amekonda hadi mnunuzi anatoa bei ya matusi.

Sasa kumbuka kilichotokea kuanzia mwisho wa 2020. Misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya. Mnamo Septemba 8, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kufikia mwisho wa 2022, Wakenya zaidi ya milioni 4 walikuwa wanahitaji msaada wa chakula, na Kwale ilikuwa kwa orodha ya kaunti zilizoumia.

Usidhani njaa ni ya Kinango peke yake. Watu wa Msambweni, Gazi, Shimoni na Vanga wana kalenda yao. Upepo wa kusi ukianza, kuanzia Aprili hivi, bahari inachafuka na mvuvi wa ngalawa ndogo hawezi kufika mbali. Samaki wanapungua, doo zinapungua. Miezi hiyo hiyo, Aprili hadi Juni, Diani huwa low season. Wageni wameenda, hoteli zinapunguza wafanyakazi, beach boy anakaa chini ya mnazi akiangalia simu. Na miezi hiyo hiyo mahindi ya mvua ya mwaka bado yako shambani, mabichi, hadi Julai au Agosti. Aprili pia shule zimefungwa, kwa hiyo mtoto aliyekuwa anapata chakula cha mchana shuleni sasa yuko nyumbani na sufuria iko tupu.

Umeona hiyo? Bahari, hoteli, shamba na shule, vyote vinabana kwa msimu mmoja. Hii si ajali. Inakuja kila mwaka, na mwaka wa ukame inakuja na meno. Njaa ya Kwale ina kalenda, na kila chifu, kila mwenye duka na kila mama mboga anaijua kwa kichwa.

Mtu atakwambia ni mambo ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, sawa. Lakini kuamua nani atapata unga na lini, hiyo ni bajeti, na bajeti inaandikwa na watu.

Kwani sirkali haitoi kitu?

Inatoa. Tuwe fair. Shida ni jinsi inavyotoa.

Kuna Inua Jamii. Hii inalipa makundi matatu: wazee wa miaka 70 na zaidi, familia zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa. Kila mmoja hupata KSh 2,000 kwa mwezi. Na kitu ambacho wasee wengi hawajui ni kwamba Kwale iko kwa historia ya huu mpango tangu siku ya kwanza. Malipo ya mayatima yalipoanza kujaribiwa mwaka wa 2004, yalianzia kwa familia 500 tu, katika maeneo matatu: Garissa, Nairobi na Kwale. Wakati huo zilikuwa KSh 500 kwa mwezi. Yaani kitu ambacho leo kinafikia Kenya nzima kilipimwa kwanza kwa majirani zako, na kikafanya kazi hadi kikapanuliwa.

Lakini cheki hesabu. Hiyo 2,000 imekaa hapo hapo kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka wa 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita KSh 200. Kwa bei hiyo, 2,000 haifiki pakiti 10. Tuseme zifike 10, hizo ni kilo 20. Nyumba ya wastani Kwale ina watu 5. Gawanya kwa siku 30, kila mtu anapata gramu 130 na kitu za unga kwa siku. Bila mboga, bila mafuta, bila maji ya kununua kwa mtungi, bila chumvi. Na hizo doo kwa makaratasi ni za nyanya peke yake, lakini unajua vile chungu cha nyanya hupakuliwa wajukuu wote.

Halafu malipo yenyewe hayana tarehe ya kutegemea. Mara nyingi hulipwa yakiwa yamechelewa, miezi kadhaa kwa mpigo. Njaa haijui kungoja arrears.

Na kuna shimo kubwa zaidi. Chukua baba wa miaka 35 pale Puma, mzima wa afya, ana mke na watoto watano, mahindi yamekauka na mbuzi wameisha. Si mzee, si mlemavu, watoto wake si mayatima. Kwa Inua Jamii, huyo hayuko kabisa. Anaweza kuwa ndiye mwenye njaa kuliko wote kijijini na bado asipate hata ndururu, kwa sababu mpango unauliza "wewe ni nani?" badala ya kuuliza "je, umekula?"

Kuna chakula cha relief. Magunia ya mahindi na maharagwe yanapita kwa kamishna, kwa chifu, kwa mzee wa kijiji. Yameokoa maisha, hatutabisha. Lakini yanakuja hali ikiwa imeshaharibika, yanakuja kidogo, na mara nyingi orodha ya majina hubaki kwa daftari ambalo wewe hulioni. Halafu lori likifika, kuna mheshimiwa amesimama mbele ya gunia anapigwa picha, kana kwamba mahindi yametoka shambani kwake.

Kuna unga wa bei nafuu. Hii unaikumbuka. Mwaka wa 2017 pakiti ya kilo 2 ilishushwa hadi KSh 90. Julai 2022 ikashushwa hadi KSh 100. Miaka yote miwili, ukiangalia vizuri, ilikuwa ya uchaguzi. Mwaka wa 2022 wengi walizunguka maduka na kukuta shelfu tupu. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 13, 2022, alisema ule wa mwisho ulimeza bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila kuleta matokeo, na akauachilia ufe. Hapo kwa udhaifu wake alikuwa na pointi. Unga wa bei nafuu unamsaidia mwenye doo za kununua pakiti supermarket, tajiri na maskini sawa. Yule wa Mwereni anayesaga mahindi yake kwa posho mill, ama asiye hata na hiyo soo moja, hapati chochote. Lakini kuondoa mpango mbovu bila kuweka mzuri mahali pake si kutatua njaa. Ni kuokoa doo tu.

Satelaiti inayotuma doo

Sasa twende kwa kitu ambacho kinafanya kazi, na kiko hapa hapa Kenya.

Kuna mpango unaitwa Hunger Safety Net Programme, HSNP kwa kifupi, unaosimamiwa na NDMA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ukame. Ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na baadaye ukasogezwa hadi kaunti nyingine nne, zikiwemo Tana River na Garissa. Familia zilizosajiliwa kama maskini zaidi hupata KSh 2,700 kwa mwezi, zinazolipwa kupitia akaunti ya benki.

Ujanja wake uko hapa. Katika zile kaunti nne za kwanza, karibu kila nyumba ilisajiliwa na wengi wakafunguliwa akaunti, hata wale ambao hawalipwi kila mwezi. Kwa nini? Kwa sababu ukame ukija, satelaiti inapima vile majani na malisho yamekauka. Kijani kikishuka chini ya kiwango fulani, kundi la pili la familia linaongezwa na kutumiwa doo. Hakuna kungoja mbunge apige kelele bungeni, ama TV ionyeshe mizoga ya ng'ombe. Namba ikifika, doo zinatoka.

Hii ndiyo tofauti kati ya mfumo na huruma. Huruma inangoja uone mtoto amekonda. Mfumo unaangalia malisho yakikauka, unatuma doo kabla familia haijauza mbuzi wa mwisho. Na ukimwokoa huyo mbuzi, umeokoa maziwa, karo na mtaji wa mwaka ujao.

Kwale haikuwekwa kwa huo mpango. Na bado Kwale ni mojawapo ya kaunti 23 kame na nusu kame ambazo NDMA inazifuatilia kila mwezi. Kuna ripoti ya kila mwezi inayosema mvua ilikuwaje, bei ya mahindi ni ngapi, maji yako umbali gani, watoto wako na uzito gani, na kaunti iko hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, ama dharura. Yaani serikali inajua. Inajua mapema, kwa namba, kwa mwezi. Taa ya nyekundu inawaka, lakini haijaunganishwa na mfuko wa mtu yeyote.

Hapo ndipo pa kudai: iunganishwe.

Katiba inasema nini?

Hii si kuomba. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kila mtu, si kila mpiga kura wa chama fulani. Kifungu cha 53 kinaongeza kwamba kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi.

Serikali ikijitetea kwamba haina doo, Kifungu cha 20 kinasema ni jukumu la serikali yenyewe kuonyesha kwamba hizo doo kweli hazipo. Si wewe wa kuthibitisha kwamba zipo. Soma hiyo tena polepole, kwa sababu ni silaha ambayo wengi hawajui wako nayo.

Shida ni kwamba haki ya chakula haina sheria yake inayosema nani analipwa, ngapi, na lini. Seneti imewahi kuletewa Mswada wa Usalama wa Chakula lakini ulikwama. Bila sheria, haki inabaki maandishi mazuri na gunia linabaki zawadi.

India ilipita hapo. Wanaharakati walienda Mahakama ya Juu mwaka wa 2001 wakati maghala ya serikali yalikuwa yamejaa nafaka na watu wanalala njaa. Mahakama ikaamuru shule za serikali zipike chakula cha mchana. Mwaka wa 2013 bunge likapitisha sheria ya usalama wa chakula, inayofikia hadi robo tatu ya watu wa vijijini na nusu ya watu wa mijini, kilo 5 za nafaka kwa kila mtu kwa mwezi. Ina mapungufu yake, na wizi ulikuwepo. Lakini leo Mhindi maskini akikosa nafaka yake, anajua kuna sheria imevunjwa. Wewe ukikosa, unaambiwa majina yaliisha.

"Lakini watu watakuwa wavivu"

Hii utaisikia kwa mat, kwa kinyozi na kwa comments. Twende nayo.

Kwanza, rudi kwa ile hesabu. KSh 2,700 kwa nyumba ya watu 5 ni kama bob 18 kwa mtu kwa siku. Kwa vibanda vingi hiyo haifiki hata chapo moja. Nani ataacha kulima kwa sababu ya bei ya chapo?

Pili, kuna utafiti mkubwa uliofanywa Siaya. Shirika la GiveDirectly, ambalo si la serikali, lilitoa karibu dola 1,000 kwa kila moja ya familia zaidi ya 10,000, bila masharti. Wachumi wakafuatilia. Waligundua kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha karibu dola 2.5 kwa uchumi wa eneo hilo, na bei za vitu hazikupanda vya maana. Fundi alipata kazi, duka liliuza, hata majirani ambao hawakupewa kitu walifaidika. Tafsiri yake kwa Kinango ni rahisi: mama akipata doo hanunui London. Ananunua kwa duka la pale, kwa mwenye posho mill, kwa mvuvi wa Msambweni anayeleta samaki mkavu sokoni.

Je, ni bora doo ama gunia? Inategemea. Pale maduka yana chakula na bei ni ya kawaida, toa doo. Mtu anajua mwenyewe kama anakosa unga, maziwa ya mtoto ama dawa. Pale barabara imekatika ama bei imepaa kwa sababu chakula hakipo, peleka chakula. Mfumo mzuri unaweza kufanya yote mawili, bora usichanganye.

"Lakini zitaibiwa"

Hii nayo ina ukweli, na haifai kupuuzwa. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, serikali ilituma KSh 1,000 kwa wiki kwa familia za mitaa ya mabanda kupitia simu. Shirika la Human Rights Watch lilichunguza Nairobi na kukuta wengi waliostahili hawakupata, na upendeleo ulikuwepo katika kuchagua majina. Na huku Diani, hoteli zilipofungwa mwaka huo huo, maelfu walijua ladha ya kuwa na ujuzi bila mshahara.

Lakini tazama wizi huwa wapi. Wizi uko mahali orodha imefichwa. Kwa hiyo dawa ni kuweka orodha hadharani, si kufuta msaada. Majina yasomwe kwa baraza, yabandikwe kwa ofisi ya chifu, kwa kituo cha afya, na kuwe na siku za watu kupinga: huyu ana duka, yule mjane mmemwacha. Doo zipite kwa simu ama benki ambapo kila shilingi ina alama. Gunia halina meseji ya "confirmed", M-Pesa iko nayo.

Doo zitatoka wapi?

Tupige hesabu ya mfano. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale, na nyumba zaidi ya 170,000. Tuseme mwaka mbaya, nyumba 20,000 zinahitaji kushikwa mkono. Hiyo ni kama watu 100,000. Zipe KSh 2,700 kwa mwezi, kwa ile miezi mitatu mikali tu. Jumla ni milioni 162.

Ni nyingi? Kwako na kwangu, sana. Lakini kaunti ya Kwale hupata zaidi ya bilioni 8 kwa mwaka kutoka mgao wa taifa. Milioni 162 ni kama asilimia 2 ya hizo. Na kwa bahati, sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na Hazina ya Dharura, ambayo malipo yake yasizidi asilimia 2 ya mapato. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto.

Ila kuna kitu muhimu hapa. Hazina ya Dharura ni ya mambo yasiyotarajiwa. Na tumeona kwamba njaa ya Kwale inatarajiwa, ina msimu na ina ripoti. Kwa hiyo isiendelee kushughulikiwa kama moto uliozuka usiku. Ipewe laini yake ya bajeti, kila mwaka, na ukame mkubwa ukija serikali ya taifa iongeze juu yake kupitia mfumo kama HSNP.

Usisahau sahani ya shule

Kama kuna kitu kimoja cha kuanza nacho kesho, ni chakula cha mchana shuleni. Mtoto anayejua kuna sahani huja darasani. Mzazi anapunguza mlo mmoja wa kutafuta. Na ukinunua mahindi, pojo na kunde kwa wakulima wa Kubo na Lunga Lunga, doo zinabaki Kwale.

Shirika la chakula duniani, WFP, lilikabidhi serikali kazi ya kulisha shule mwaka wa 2018. Tangu hapo chakula huja, kikakosa, kikaja tena. Nairobi ilianzisha Dishi na County mwaka wa 2023 ikishirikiana na Food4Education, shirika lililoanzishwa na Wawira Njiru. Jiko moja kubwa linapikia shule nyingi, na mzazi analipa bob 5 kwa sahani. Kama mtoto wa Nairobi anaweza kula kwa bob 5, mtoto wa Samburu kule Kinango amekosea wapi? Na msaada usifungwe pamoja na shule. Likizo ya Aprili ndiyo inayouma zaidi, kwa hiyo iwekewe mgao wa kupeleka nyumbani.

Sasa wewe ufanye nini?

Tunachodai ni vitu vinne. Kwale iingizwe kwa mfumo wa malipo unaowashwa na namba za ukame. KSh 2,000 za Inua Jamii zipandishwe, na zilipwe kwa tarehe inayojulikana. Kila shule ya umma iwe na sahani, mwaka mzima. Na orodha zote za msaada ziwekwe hadharani.

Halafu chukua hatua hizi:

1. Soma ripoti ya mwezi ya NDMA kuhusu Kwale. Iko kwa mtandao, ni bure. Ukiona kaunti imeingia hatua ya hatari, uliza gavana na mbunge wako kwa jina, hadharani: mmetoa nini wiki hii?

2. Jua tarehe za bajeti. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1. Karatasi ya mikakati ya fedha ni kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti ni kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo kuna vikao vya maoni ya wananchi kwa wadi. Vikao hivyo hujaa wazee watano na soda. Nendeni watu thelathini, mseme kitu kimoja: laini ya chakula.

3. Andika ombi kwa Bunge la Kaunti. Huhitaji wakili. Katiba inakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka yoyote ya umma. Karatasi moja, tatizo, unachotaka, sahihi.

4. Omba orodha. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari zinazoshikiliwa na serikali. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inaitwa Ombudsman. Hulipi kitu.

5. Kampeni zikija na mtu asimame mbele ya gunia, muulize swali moja tu: baada ya kura, hili gunia litakuwa sheria ama litarudi baada ya miaka mitano?

Endelea kumtumia mathe unga, hiyo hatukuzuii. Damu ni damu. Lakini soo tano yako ilifaa kuwa ya kununua kuku mwezi wa mavuno, si ya kuzuia mtu asilale njaa mwezi wa Mei. Kazi hiyo ina mwenyewe, ana bajeti, ana satelaiti, na ameandikwa kwa Katiba. Ni wakati wa kumkumbusha.